Mkuki wa Malanja na Manowari za Pwani

Ukitoka Karatu ukaupita mlango wa Loduare, ukapanda ule mwitu wenye ukungu hata ukafika ukingoni mwa Ngorongoro, kisha ukauacha ukingo ukaelekea upande wa machweo, utateremka katika bonde la Malanja, ambako Wamasai hulisha ng'ombe wao katika majani mafupi. Hapo ndipo nilipokutana na kijana mmoja mchungaji, ameegemea mkuki mrefu ambao ulimi wake uling'aa kama fedha, na mpini wake ulikuwa umesuguliwa na viganja hata ukawa mweusi na laini kama pembe. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, na baada ya kuulizana habari za mvua na za malisho nikamwuliza, kwa mzaha ambao sisi wazee hujiruhusu mbele ya vijana, mkuki ule ulikuwa umekwisha kuua simba wangapi.

"Bado, mzee," akasema. "Tangu nilipopewa haujaua kitu."

"Ni miaka mingapi sasa?"

"Huu wa nne."

"Basi kazi yake ni nini, mwanangu?"

Hakunijibu upesi. Aligeuka akawatazama ng'ombe waliotawanyika mteremkoni, midomo yake ikitembea bila sauti, kama mtu anayesali. Nami nikafahamu kuwa alikuwa akiwapitia mmoja mmoja kwa rangi zao. Alipomaliza alinigeukia akasema, "Wote wapo, mzee."

Jibu hilo nimelichukua moyoni tangu siku ile, kwa kuwa lilinifungulia mas'ala yaliyonishinda tangu utotoni. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na ijapokuwa riziki imeniweka Karatu miaka mingi, mahali ambapo mtu aweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa asiione bahari hata siku moja, sijapata kuyasahau mazungumzo ya barazani juu ya manowari, neno ambalo wazee wetu walilitwaa kwa Waingereza, ambao katika lugha yao walikiita chombo cha vita "mtu wa vita", kana kwamba mbao na chuma vyaweza kuwa na nafsi. Katika jina hilo ndimo lilimo swali langu lote. Ikiwa chombo ni mtu, basi kitahesabiwa. Na ikiwa si mtu, damu iliyomwagwa nacho na amani iliyolindwa nacho vitaandikwa katika daftari ya nani? Na chombo kilichoundwa kwa ajili ya vita, kikamaliza umri wake kikingoja vita visivyokuja, je, tuseme kimetumika au kimepotea bure?

Tuutazame kwanza umri wenyewe. Manowari ya daraja ya kati, ile ambayo mabaharia huiita frigeti, aghalabu huundwa ili itumike miaka 25 au 30 hivi: hulazwa mkuku, hushushwa majini kwa shangwe na dua, hupewa bendera na jina, hupandishwa chelezoni mara kwa mara ili itengenezwe, na mwisho wake hushushwa bendera ile ile, ikauzwa kwa uzani kama chuma chakavu. Katika miaka hiyo yote siku za kupigana huenda zisitimie hata juma moja, na zilizobaki huishia katika kukwangua kutu, kupaka rangi, kufanya mazoezi, kusindikiza meli za biashara na kuwatafuta waliopotea baharini. Mtu wa pupa akiipiga hesabu hiyo atasema kwamba mali ya umma imeteketea. Lakini mchungaji wa Malanja, ambaye mkuki wake umeshinda juani miaka minne bila kurushwa, angeona ajabu kusikia maneno hayo, maana kwake yeye siku ambayo mkuki haukurushwa na ng'ombe wakarudi wote ndiyo siku ambayo mkuki umefanya kazi yake barabara.

Hata hivyo si kila chombo kilichokaa kimya kimelinda kitu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu iliipiga Unguja, ikaing'oa mikarafuu na kuziangamiza merikebu za Sayyid Barghash bin Said, mtawala wake. Naye baadaye, kwa kuwa ilikuwa imempendeza frigeti moja ya Kiingereza iitwayo Glasgow, aliagiza Uskoti, katika karakana ya Denny huko Dumbarton, chombo cha mfano wake na jina lake, kikamfikia mwaka 1878 pamoja na mizinga yake midogo. Lakini kilipotia nanga mbele ya jumba, fahari yake ilimchosha Sayyid upesi, kikabaki pale pale miaka nenda miaka rudi, kikipanda na kushuka kwa maji kujaa na maji kupwa. Hakikuwa na kundi la kuchunga. Kilikuwa mkuki uliochomekwa mlangoni ili wapitao wauone. Basi ilipofika tarehe 25 Agosti 1896 akafariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba kutwaa kiti chake pasipo idhini ya Waingereza, manowari tano za Waingereza zilijipanga bandarini, na tarehe 27, mara baada ya saa tatu asubuhi kupita, zikafyatua mizinga. Glasgow ikajibu, ikapigwa, ikazama. Na katika dakika zipatazo arobaini vita vyote vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba, kwa kukisia, waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Milingoti mitatu ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji hata mwaka 1912, na watoto wa Unguja waliozaliwa baada ya vita walikua wakiiona kila waendapo ufukweni.

Ingekuwa wepesi kusema kwamba dhuluma ilikuwa katika vyombo vya Waingereza, tukamaliza mazungumzo, lau bandari hiyo hiyo isingalikuwa na kumbukumbu ya chombo kingine cha bendera hiyo hiyo. Kilikuwa kikiitwa London, cha mbao, kimeshushwa majini mwaka 1840 na mizinga 90, na katika ujana wake kiliipiga Sevastopol kwa makombora mwaka 1854. Kisha, kilipokuwa kikongwe kisichofaa tena kwa safari ya vita, kilipelekwa Unguja mwaka 1874 kikafanywa maskani ya mabaharia na mama wa mashua zilizozunguka usiku na mchana kati ya Unguja na Pemba kuyasaka majahazi yaliyopakia watumwa, baada ya mapatano ya tarehe 5 Juni 1873 yaliyolifunga soko la watu. Nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa mwezi wa Desemba 1881 katika kulipigania jahazi moja la namna hiyo, na mwaka 1884 London ikauzwa ikavunjwa. Chombo kile basi kilifanya kazi yake bora katika uzee, hali kimefungwa, mizinga yake imenyamaza. Na bado tukitaka insafu itimie hatuna budi kusema kwamba mapatano yenyewe ya 1873 Barghash hakuyatia sahihi kwa ridhaa tupu, bali kwa kuogofywa kuwa bandari zake zitazingirwa na manowari. Na kwamba miaka 23 baadaye tisho la namna ile ile, kutoka kwa jeshi lile lile la bahari, lilileta maiti mbele ya jumba. Wema na ubaya vilipanda chombo kimoja, vikala sahani moja na kutumia dira moja.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika pwani ya kaskazini ya bara letu hili, alisimulia katika kitabu chake cha Mji wa Mungu kisa cha haramia aliyekamatwa akaletwa mbele ya Iskandari wa Makedonia. Mfalme alipomwuliza kwa nini anaisumbua bahari, mtu yule alimrudishia swali lake mwenyewe, akidai kuwa tofauti yao haikuwa katika tendo bali katika wingi wa vyombo, kwa kuwa mwenye chombo kimoja hupewa jina la mnyang'anyi, na mwenye vingi jina la mfalme. Augustino hakukisimulia kisa hicho ili amtukuze haramia. Alitaka wasomaji wake waone kwamba dola ikiondolewa haki hubaki kuwa genge kubwa tu. Nami nikikitia kisa hicho katika mizani ya Malanja naona kwamba kinauliza jambo moja ambalo mchungaji wangu hakuwa na haja ya kulitamka, kwa sababu kwake lilikuwa dhahiri: wale ng'ombe ni wa nani? Mkuki wa mwizi wa mifugo nao hulinda kundi njia nzima, tena kwa ushujaa mkubwa, ila kundi si lake.

Sisi wa bara tunadhani kwamba mambo hayo ni ya watu wa pwani, lakini bahari ilikuja hadi huku kwetu kwa miguu. Mwezi wa Juni 1914 iliingia Dar es Salaam manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ambayo watu wa mji, kwa kuzihesabu dohani zake, waliipa jina la manowari ya bomba tatu. Vita vilipokaribia ilitoka, na vilipoanza ikaikamata meli moja ya biashara ya Waingereza, na tarehe 20 Septemba ikaivizia alfajiri bandarini Unguja manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika matawi ya Rufiji, ndani ya mikoko, miezi mingi, hata zilipoletwa manowari mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo ziliundwa kwa ajili ya mito ya Brazil na hazikupata kuifikia; nazo tarehe 11 Julai 1915 ziliipiga mpaka Wajerumani wenyewe wakaiangamiza kwa mikono yao. Lakini mizinga yake yote 10 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kuundiwa magurudumu, ikaanza maisha mapya nchi kavu. Mwezi wa Mei 1916, wakati majeshi ya Afrika Kusini yalipokwisha kushuka kutoka Arusha kwa njia ya Lolkisale na Ufiome hata Kondoa Irangi, mlio wa mzinga wa baharini ulisikika katika vilima vya Kondoa, kusini ya nchi hii ya Karatu na Mbulu, mahali ambapo hapana maji ya kuelea hata mtumbwi.

Waliouvuta mzinga ule ni watu. Chuma kilichozoea kupakatwa na maji sasa kililemea mabega ya wapagazi, na wapagazi wa vita vile, wa pande zote mbili, walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi; jina la Kariakoo, ambalo leo ni soko la Dar es Salaam lenye kelele na biashara, ni jina la kikosi chao lililosagwa katika ndimi zetu. Hao ndio waliokuwa kundi. Mikuki miwili ilipiganiana juu ya migongo yao, na hakuna katika wenye mikuki aliyegeuka jioni kuwataja mmoja mmoja kwa rangi zao.

Je, tuulaani mzinga? Siku moja nilishuka Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, kwenye chemchemi na mashamba ya vitunguu, nikaketi katika kibanda cha mhunzi wa Kidatoga. Mwanawe alikuwa akivukuta viriba viwili vya ngozi kwa zamu, kulia na kushoto, na mkaa ukipumua mwekundu. Kando yao palikuwa na ndoo ya vyuma vikuukuu, ndani yake misumari iliyopinda, kufuli lililopoteza ufunguo, na koki ya bomba la maji. Alilitwaa kufuli kwa koleo, akalitia motoni, akalifua juu ya fuawe hata likasahau umbo lake, na kabla jua halijasogea kiganja kimoja lilikuwa ncha ya mshale, ya kubadilishana na Wahadzabe kwa asali. Koki aliiweka mbali, kwa kuwa shaba, alisema, ni ya bangili.

"Basi, mzee mwenzangu," nikamwuliza, "kufuli lililokuwa likilinda duka sasa linakwenda kuua. Hilo halikusumbui?"

"Linakwenda kuua swala," akasema. "Watoto wale."

"Na akija mtu mwingine, akanunua ili amchome mwenziwe?"

Alikitia kile chuma majini, kikalia, akangoja kinyamaze. "Namwuzia ninayemjua," akasema.

Katika Kurani sura ya 57 imeitwa Al-Hadid, yaani Chuma, na wafasiri hawakuacha kuonyesha kuwa vita vikali na manufaa ya watu vimetajwa humo pamoja katika kitu hicho kimoja. Na Wakristo nao wana kwa Nabii Isaya ile taswira ya silaha zinazofuliwa upya ziwe zana za kulimia. Mapokeo yote mawili, kwa ufahamu wangu, yanakataa kukilaani chuma, na yote mawili yanakataa kumsafisha mtu kwa kisingizio cha chuma. Chuma hakina dhambi wala thawabu. Niyya ndiyo inayohesabiwa. Lakini mhunzi wa Mang'ola aliniongezea jambo ambalo wanafalsafa wengi hulisahau, kwamba niyya haimhusu mrushaji peke yake. Anayefua, anayeuza, anayelipa kodi ili kinunuliwe, na anayeshangilia bandarini kikishushwa majini, kila mmoja anapaswa kuuliza kinakwenda mkononi mwa nani; na asiyeuliza hawezi kuja baadaye akasema, mimi nilifua tu.

Ninao ushahidi mmoja unaonifariji. Katika karakana ya Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 iliundwa meli iitwayo Goetzen, ya abiria na mizigo, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari na kupanda reli hata Kigoma, ikaunganishwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Vita vikaivika mizinga, mmojawapo ule wa Königsberg, ikawa manowari ya Tanganyika. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiuacha mji, mafundi walioijenga waliamriwa waizamishe. Wakaizamisha, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito, kila mahali, ili maji yasiile. Fikiri, ewe msomaji, niyya ya watu wale: kwa mkono mmoja walitii vita, na kwa mkono wa pili waliweka akiba kwa watu wasiowajua. Meli ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Tangu hapo imebeba dagaa, mahindi, maharusi na wagonjwa. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo kwa maelfu, na mwaka 2015 ikawachukua wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Mzinga uliondoka, kundi likapanda.

Yupo atakayesema kwamba, kwa kuwa mifano mibaya ni mingi hivi, heri taifa lisiwe na wanamaji kabisa. Mimi siwezi kusema hivyo, nami nakaa Karatu, ambako dizeli ya matrekta yalimayo ngano imepita baharini, na mbaazi za wakulima wetu huvuka bahari hiyo hiyo kwenda Bara Hindi. Maharamia wa Kisomali walipoivuruga njia hiyo, hata Umoja wa Ulaya ukaleta manowari zake mwezi wa Desemba 2008 kuzisindikiza meli za chakula cha msaada ziendazo Somalia, mkulima wa huku hakuona kitu, ila kila siku ya hofu baharini huongezwa katika bei ya kitu fulani sokoni. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipopinduka ziwani karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, waliozama chini ya kile chuma kuwatafuta ndugu zetu walikuwa wapiga mbizi, wakiwamo wa jeshi letu. Kuchunga ni kazi, na kazi hutaka zana.

Basi hukumu yangu ni hii. Manowari si mtu wa vita, wala si mtu kamwe. Ni mkuki, na mkuki ni amana. Umri wake usipimwe kwa vyombo ilivyozamisha, maana Glasgow haikuzamisha kitu nayo haikulinda kitu, na Königsberg ilizamisha na kukamata, ikawaachia wapagazi mzigo wake. Upimwe kwa maswali mawili, la kwanza, kundi ni la nani, na la pili, je, wote wapo. Na wa kuulizwa ni sisi tunaoilipia, tuwe wa Pangani au wa Karatu. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus iko Mombasa, katika ngome ya Fort Jesus, na watoto wa shule wakizuru huikalia migongoni kupigwa picha. Mwenye mtoto ampeleke akaione. Na akishateremka, amwulize wako wapi walioivuta.